Viti Vinane vya Nyuma

Jumamosi, saa kumi na nusu jioni. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijapumzika. Huku kwetu Kimara bondeni maji mekundu yanapita mlangoni, na mume wangu Omari ameweka gunia la mchanga kwenye kizingiti yasiingie ndani. Mwanetu Asha amelala. Nimekaa mezani na daftari hili ambalo sijaligusa tangu mfungo uishe.

Mwandiko wa leo ni mbaya.

Naogopa.

Si woga wa kushtuka ambao ukinywa maji unapoa. Huu umekaa tumboni tangu juzi, umejitandikia mkeka. Nimejaribu kusali, nimejaribu kupika, nimejaribu kunyamaza. Sasa najaribu kuandika. Nitaanza mwanzo, maana nikianza na leo nitakuwa najisifu, na leo peke yake si habari yote.

Mie ni karani wa mizani. Watu wakisikia nafanya kazi uwanja wa ndege wanadhani navaa kofia na kugawa peremende. Hapana. Kabla ndege haijaondoka naandika karatasi moja: abiria wangapi na wamekaa wapi, mizigo kilo ngapi na ipo mbele au nyuma, mafuta kiasi gani. Najumlisha, kisha naweka alama kwenye mchoro. Alama ikiangukia ndani ya mistari, ndege imekaa sawa, kama mtu aliyejitwika ndoo ikamkaa katikati ya utosi. Ikitoka nje ya mistari, ama pua ni nzito ama mkia ni mzito, na hapo haifai kuruka. Rubani anaisoma, anatia saini, anabaki na yake. Mie narudi ofisini na nakala.

Karatasi yenyewe si kubwa kuliko ya mtihani wa darasa la saba. Lakini rubani hana njia nyingine ya kujua amebeba nini.

Kampuni yetu ni ndogo. Ni mtoto wa kampuni kubwa, aliyezaliwa pale serikali iliposema kila shirika lijitegemee na kila mwenye mtaji aruhusiwe kurusha ndege. Wakubwa wakaona bora wawe na kikampuni pembeni, chenye watu wachache na mishahara midogo, kipeleke abiria kule ambako ndege kubwa inakwenda nusu tupu. Marubani wa kampuni kubwa hawakulala. Waliona mbali: leo mtoto anapewa ndege ndogo ya Mtwara, kesho anapewa kubwa zaidi ya Mwanza, na rubani wake analipwa nusu tena kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kesho kutwa ndege za baba zinaegeshwa kwenye majani na marubani wake wanapewa barua za kupunguzwa kazi. Kwa hiyo kwenye mkataba wao na kampuni wakatia kifungu. Kampuni ndogo isiwe na ndege zaidi ya mbili, na hakuna ndege yake itakayozidi viti arobaini. Ikizidi, marubani wana haki ya kudai isimamishwe.

Mwenyekiti wa marubani waliodai kifungu hicho ni Kaka Hamisi. Kaka yangu, tumbo moja. Baba alipofariki ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne, na ndiye aliyenisindikiza kwenye usaili wa kazi hii hii.

Sasa, ukimwekea mtu kikomo, hajengi ndani ya kikomo akaacha nafasi ya kupita. Hapa Kimara tunawaona kila siku, ukuta unapandishwa juu ya bikoni ya mpaka kabisa. Meneja wetu, Bwana Shayo, alitafuta ndege zenye viti arobaini hakupata za bei anayoiweza. Akapata mbili za viti arobaini na nane, za zamani lakini nzima. Akazichukua, akawaambia mafundi wang'oe safu mbili za nyuma. Viti vinane kila ndege. Vikafunikwa turubai, vikawekwa stoo. Wakaja marubani wawili wa kamati ya Kaka Hamisi, wakapita kwenye ujia wakihesabu kwa kidole, wakaandika arobaini, wakaridhika.

Ndege ikabaki na nafasi tupu nyuma. Ili ikae sawa, tukawa tunapakia mizigo mingi zaidi mkiani. Michoro ikatengenezwa upya kwa hesabu hiyo. Mie mwenyewe ndiye niliyeitumia kila siku, mwaka na zaidi, na haikuniangusha hata mara moja.

Kisha ikaja masika hii.

Barabara ya kusini imekatika Rufiji wiki ya tatu sasa. Mabasi hayaendi. Mwenye mgonjwa Lindi, mwenye msiba Masasi, mfanyabiashara wa korosho, wote wamehamia kwenye dirisha letu la tiketi. Ndege yetu ya pili ni mbovu, inangoja kipuri kutoka nje. Kuomba ndege ya tatu haiwezekani, kifungu kinakataza. Kuomba ndege kubwa ya baba ije isaidie, Bwana Shayo aliomba, akaambiwa haina nafasi.

Alhamisi asubuhi nilikuta mafundi wanashuka ngazi ya ndege na spana mikononi. Safu mbili za nyuma zilikuwa zimerudi mahali pake.

Bwana Shayo akaniita ofisini, akafunga mlango. Alisema kwa upole, si mtu wa kufoka. Alisema kuna watu wanane wenye shida kubwa, wakikosa leo watamzika ndugu yao bila kumwona. Alisema ndege ilitengenezwa na wenyewe ibebe watu arobaini na nane, hivyo haivunjiki. Ila karatasi, alisema, karatasi iandikwe arobaini kama siku zote, maana nakala zetu huwa zinakwenda mpaka kwa kamati.

Nikamuuliza na mizigo je. Akasema pakia kama kawaida.

Mvua ilikuwa kubwa. Sikutoka nje kwenda kuwaona abiria, niliandikia ofisini. Nikaandika arobaini, mizigo nyuma kama kawaida, alama ikaangukia katikati ya mistari, vizuri sana. Watu wanane hawakuwepo popote kwenye karatasi. Ukichukua kilo sabini na tano kila mmoja, ni kilo mia sita, mkiani kabisa, juu ya mizigo.

Niliyajua hayo nikiwa naandika. Nataka daftari hili lilishike. Sikughafilika. Nilijua, na nikaandika.

Kwa nini? Kwa sababu Omari hana kazi tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa, na matofali anayofyatua hayakauki kwenye mvua. Kwa sababu Bwana Shayo alitaja msiba. Kwa sababu nilijiambia, ni siku moja tu. Sababu ninazo nyingi na zote ni za kweli, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kumweleza mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyuma.

Ndege ilikwenda Mtwara ikarudi.

Jana Ijumaa, rubani wake alinifuata ofisini. Kapteni Nandonde ni mtu wa Masasi, mtu mzima, kichwa kimeanza mvi, na mkataba wake kwetu unaisha kila Desemba akaomba upya. Nilimwamkia, akaitika, akaketi. Hajawahi kuketi kwenye ofisi yangu. Abiria wetu wanapandia mlango wa nyuma na marubani wa mbele, kwa hiyo yeye hawaoni. Mhudumu ndiye anayemwambia idadi, na Alhamisi mhudumu alimwambia arobaini kama alivyoagizwa.

Alizungushazungusha kalamu yangu mezani, kisha akasema, "Dada Zuhura, jana pua ilinyanyuka kabla sijaiomba."

Akaeleza taratibu, kama anayemweleza daktari maumivu. Kwamba ndege ilipokuwa bado inakimbia, usukani ulimjia wenyewe kifuani. Kwamba aliusukuma mbele kwa mikono miwili, na rubani msaidizi naye akausukuma, na kwa muda ambao hajui ni mrefu kiasi gani ndege ilikaa imetazama juu kama jogoo anayetaka kuwika, haishuki wala haipandi. Kisha mwendo ukaongezeka, ikatii. Alisema amerusha ndege tangu ujana wake na hajawahi kusikia miguu yake ikifa ganzi.

"Mie huwa sihesabu watu," akasema. "Nahesabu karatasi yako."

Nilimwambia nitaangalia hesabu zangu. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtu yule. Akanitazama kidogo, akaaga, akatoka.

Sikula jana. Omari akauliza, nikamwambia kichwa. Kila nikifumba macho nilikuwa namwona Kapteni ameukumbatia ule usukani, na nyuma yake watu wote wale wanazungumza habari za mvua, hawajui.

Leo asubuhi viti vilikuwa bado vipo. Vilifungwa na kuachwa, safari hii hakuna aliyehangaika kuving'oa. Bwana Shayo akanikuta kwenye korido akasema tu, kama juzi, Bi Zuhura. Hakufunga mlango wowote.

Nilikaa mbele ya karatasi tupu. Nikaona siwezi kuandika nambari yoyote mpaka nitoke nje. Nikachukua mwavuli, nikavuka uwanja, nikapanda ngazi ya nyuma, nikaanza kuhesabu vichwa kama mwalimu wa chekechea.

Kwenye safu ya mwisho kabisa alikaa bibi mmoja, mikono ameificha ndani ya khanga. Nikamwamkia. Akaniuliza kama ni mie ninayeiendesha. Nikamwambia hapana bibi, mie naandika tu. Akasema, kwa lafudhi ya Newala, basi andika vizuri mwanangu, mie sijawahi kupanda hii.

Pembeni yake mama na mtoto mchanga. Mbele yao mafundi wawili wa vinyago, kazi yao wameifunga kwa magazeti, wameipakata. Wengine sikuwatazama sana. Nilihesabu nikafika arobaini na wanane, na yule mchanga.

Nilirudi ofisini nikaandika hivyo hivyo. Safu ya kumi na moja, wanne. Safu ya kumi na mbili, wanne na mtoto. Nilipoweka mizigo nyuma kama kawaida, alama ilitoka nje ya mistari, si kwa unywele, kwa upana wa kidole. Hiyo ndiyo ndege ya Alhamisi. Nilikuwa naiona kwa macho sasa.

Nikafuta, nikaihamishia mizigo yote mbele, na maboksi ya dawa ya panya ya mfanyabiashara mmoja nikayaacha chini. Alama ikarudi ndani. Bwana Shayo alisema kweli, ndege inaweza kuwabeba wote bila taabu, ilitengenezwa hivyo. Inachotaka ni kuambiwa ukweli tu. Lakini ukiiambia ukweli, umeandika kwa mkono wako kwamba kampuni imevunja kifungu. Na ukilinda kifungu kwa uongo, mkia unakuwa mzito na hakuna anayejua.

Nilipeleka karatasi mwenyewe. Nilipanda ngazi ya mbele, viatu vimejaa maji. Kapteni Nandonde aliichukua akaisoma, akarudi juu akaisoma tena. Kisha akageuka akanitazama, na nikaona amekwisha kuelewa juzi ilikuwaje. Sikulazimika kusema.

Nilidhani atafoka. Ningefurahi kama angefoka.

"Nikitia saini hii, kampuni inaweza kufungwa," akasema. "Mie na wewe pia."

Nikamwambia, "Najua, Kapteni. Lakini ndiyo hesabu yao."

Aliishika kalamu juu ya karatasi. Mvua inapiga kioo. Yeye ana watoto shuleni, ana mkataba wa Desemba. Nilimwona anaogopa, na kumwona mtu mzima kama yule anaogopa kuliniogopesha kuliko mvua na kuliko Bwana Shayo. Kisha akaegemea dirishani akawaita vijana wa mizigo, akasema kila kilicho nyuma kihamie mbele. Akangoja mpaka wamemaliza. Akatia saini.

Ndege iliondoka saa tatu kasoro. Niliitazama kutoka barazani. Ilikimbia, ikakimbia, mpaka nikaanza kuhesabu kwa midomo, kisha pua ikanyanyuka polepole, ikaingia kwenye mawingu.

Sikuweza kufanya kazi yoyote. Nilisimama karibu na redio ya ofisi ya safari, na kila ilipokoroma niliinama kusikiliza. Saa nne na dakika kumi wakasema imetua Mtwara, salama. Nikaenda chooni nikanawa uso.

Nilipotoka Bwana Shayo alikuwa amesimama mezani kwangu na nakala mkononi. Hakuuliza kwa nini. Alisema, bado kwa upole, niichane, niandike nyingine ya arobaini, naye atazungumza na Kapteni akirudi. Akaongeza jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani. Alisema, "Bi Zuhura, hapa tupo watu sitini na kitu tunaokula. Wewe unataka kuwahesabu abiria tu?"

Nilinyoosha mkono, akanipa ile nakala akidhani nakwenda kuichana. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba, nikamwambia natoka kidogo, nikaondoka.

Sikuja nyumbani. Nilikwenda Kinondoni.

Wifi alinifungulia, akanipa khanga nijifute. Kaka Hamisi alirudi jana kutoka Mwanza, alikuwa amepumzika. Akatoka na msuli na fulana, nikamwamkia, akaitika akiwa ameshaona uso wangu. Nikaiweka ile karatasi mezani, bado imekunjwa.

Hakuigusa. Aliuliza kama ni ya ofisini kwetu, nikasema ndiyo.

"Basi nisikilize kwanza," akasema. "Nikiisoma, siwezi kuirudisha. Nikishaisoma mie si kaka yako tena kwenye jambo hili, ni mwenyekiti. Unaweza kuichukua sasa hivi, tukanywa chai, ukaenda zako, na mie sijaona kitu."

Chai ilikuwa imeshaletwa. Nakumbuka hiliki ilivyonukia. Nakumbuka niliutazama mlango. Kama angesema nipe, ningempa bila kufikiri. Lakini alinipa nafasi ya kuondoka, na nafasi hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, maana jambo likabaki kuwa langu mwenyewe.

Nikamwambia aisome.

Yeye ni rubani, hakuhitaji maelezo. Alipomaliza akauliza Alhamisi palikuwaje. Nikamwambia yote. Nilimwambia pia kuhusu usukani na miguu ya Kapteni. Nilipofika hapo alifumba macho.

Nilitegemea amlaani Bwana Shayo. Badala yake alianza kunisimulia ile arobaini ilivyopatikana. Kwamba wakubwa walitaka hamsini, marubani wakataka thelathini. Kwamba ndege ndogo kuliko zote za kampuni kubwa ilikuwa na viti arobaini na vinne, basi wakasema arobaini, ili mtoto asifike begani kwa baba. Wakapeana mikono, wakaenda kula. Hakuna aliyeuliza ndege za viti arobaini zinapatikana wapi. Hakuna aliyetaja masika wala barabara ya Rufiji.

"Tulikuwa tunahesabu kazi zetu," akasema. "Na tusingezihesabu, leo ningekuwa nyumbani kama shemeji. Sijutii. Lakini sikuwahi kujiuliza mtu ukimnyima viti vinane atavificha wapi."

Ndiyo mara ya kwanza maishani kumsikia Kaka Hamisi akisema kuna jambo hakujiuliza.

Kisha akawa mwenyekiti kama alivyosema. Kamati inakaa Jumatatu saa nne. Ataipeleka karatasi. Huenda ndege ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Yeye atapendekeza viti vile ving'olewe, visirudishwe stoo bali viondoke uwanjani kabisa, na kampuni kubwa itoe ndege yake iwabebe watu wa kusini mpaka barabara ifunguke, lakini hawezi kusema wenzake watakubali nini. Wapo wanaotaka kampuni yetu ife. Nitaitwa. Nitaulizwa ya leo, na nitaulizwa ya Alhamisi.

Nikamuuliza kama ya Alhamisi lazima. Nilijisikia mtoto nikiuliza hivyo.

Akasema karatasi ya Alhamisi inasema arobaini na ina saini yangu. Akasema nikisema ukweli, kibali changu cha kazi watakichukua, na pengine yatafuata mengine. Nisiposema, Bwana Shayo atasema, kwa namna yake. Akasema, "Siwezi kukukinga, Zuhura. Nikikukinga wewe, hakuna atakayeamini karatasi hii."

Alinisindikiza na mwavuli mpaka barabarani. Pale njia panda alinishika bega, akaliminya, akarudi.

Nimefika hapa saa tisa. Nilimkuta Omari anajaza lile gunia. Nikamweleza yote hapo hapo mlangoni, tumesimama, maji yanapita katikati yetu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake. Yeye anajua kuliko mtu yeyote maana ya kiwanda kufungwa. Aliwaona wenzake wakilia getini.

Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu, kwenye vile viti walikaa akina nani. Nikamtajia bibi wa Newala, na yule mama, na mafundi wa vinyago. Akauliza, na wa Alhamisi?

Nikamwambia wa Alhamisi sikuwaona.

Akatikisa kichwa, akaendelea kufunga gunia. Baadaye kidogo akaingia, akanawa, akasema, "Mama Asha, Jumatatu nitakwenda na wewe. Nitakaa nje kwenye benchi mpaka utoke."

Nimemwambia asije, nitaona aibu. Kisha nikamfuata jikoni nikamwambia aje.

Sijui Jumatatu nitakuwa na kazi au la. Sijui kama Kapteni Nandonde atanisamehe, ingawa alitia saini. Sijui watu sitini na kitu wa ofisini kwetu wataniita nani wakijua. Bwana Shayo ameuliza swali lililo zito na sitaki kujifanya ni jepesi kwa sababu tu nilikimbia na karatasi.

Ninachojua ni kidogo. Kwamba Alhamisi walikuwepo watu wanane ambao sikuwaandika, na wako hai kwa mikono ya watu wawili waliosukuma usukani, si kwa kazi yangu. Hilo nitalisema kabla hawajaniuliza. Nimejaribu kulisema kwa sauti sasa hivi, hapa mezani, taratibu nisimwamshe Asha. Niliishia katikati. Nimejaribu tena.

Woga haujaondoka. Jumatatu inakuja, woga uwepo usiwepo, nami nitavaa, nitakwenda, nitaingia mlango ule nikiwa naogopa hivi hivi.